Kukopa Harusi: Rebecca, Shailoki na Maboksi Yetu

  Leo sitaandika juu ya usafi wa mazingira wala faida za nidhamu, kwa maana hayo yameandikwa kila mwaka mpaka wino wenyewe umechoka. Nataka kuandika juu ya kitabu nilichonyang'anywa, na juu ya deni la shilingi elfu tatu.

Kitabu chenyewe nilikinunua mjini Kitale kwa shilingi hamsini, katika rundo la vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa chai ya mtu. Kinaitwa Confessions of a Shopaholic, nasi bwenini tukakibatiza Maungamo ya Mraibu wa Maduka. Kule Uingereza kilitoka mwaka 2000 kwa jina jingine, The Secret Dreamworld of a Shopaholic. Mwandishi wake, Sophie Kinsella, jina lake halisi lilikuwa Madeleine Wickham. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mwandishi wa habari za fedha, kwa hiyo aliyajua mambo ya benki. Alifariki Desemba 2025, na mimi, msichana wa Kitale niliye shuleni Chwele, ambaye hakunijua, nilisikitika kana kwamba ni jirani.

Basi usiku mmoja wa muhula wa pili mwaka jana, nilikuwa chini ya blanketi na tochi, kicheko kikanitoka. Nilijaribu kukigeuza kikohozi, wapi! Mwalimu wa zamu alikuwa dirishani. "Unasoma upuuzi wa wanawake badala ya Nguu za Jadi?" Kitabu kikaenda, na mimi asubuhi yake nikaenda kufyeka nyasi nyuma ya jikoni. Siku ya tatu nilipopeleka madaftari ofisini, nilimkuta mwalimu yuyo huyo ameegemea kiti, machozi yanamtoka kwa kucheka, na kitabu changu kimefunguka katikati. Alikirudisha siku ya kufunga shule bila neno. Sikumwuliza kitu, maana mkubwa haumbuliwi.

Kwa wale ambao hawajakisoma, hadithi ni hii. Rebecca Bloomwood ni msichana wa London. Kazi yake ni kuandika katika gazeti linalowafundisha watu kuweka akiba, na yeye mwenyewe hana akiba hata ya dawa. Ana madeni ya kadi na ya benki. Kila akipita dirisha la duka, moyo unamdunda kama ngoma ya isukuti. Kuna siku anaiona skafu iliyoshushwa bei kutoka pauni 340 hadi 120. Anakosa pauni 20. Anazikopa kwa mwanamume anayeheshimiwa, tena kwa uongo kwamba skafu ni ya shangazi yake mgonjwa. Shangazi huyo hajapata kuzaliwa!

Halafu anaamua kubana matumizi. Ili aache kula hotelini, anaamua kupika mchuzi wa Kihindi nyumbani. Lakini mpishi mzuri anahitaji vyombo, sivyo? Basi ananunua sufuria, viungo na mazagazaga mengine, na mchuzi wa kuokoa pesa unamgharimu kuliko hoteli. Anatafuta kazi ya ziada dukani ili aongeze kipato, anafukuzwa kwa sababu alimficha mteja suruali aliyoitamani yeye mwenyewe. Meneja wa benki anamwandikia barua, na Rebecca anajibu kwamba amevunjika mguu. Barua nyingine ikija, ana homa ya tezi. Maskini meneja!

Niliposimama katika mkutano wa chama chetu na kupendekeza tukijadili kitabu hiki, nilipata upinzani wa kweli. Mwanachama mmoja alisema ni kitabu cha Wazungu. Wa pili akasema ni cha wanawake wasio na kazi. Wa tatu, ambaye tunamwita Mheshimiwa kwa kupenda hoja, akauliza: "Kwani hapa Chwele nani ana kadi ya benki ya kununulia skafu? Huku watu wanakopa kununua unga na mbolea. Huyo Rebecca hatuhusu ndewe wala sikio." Ukumbi ukampigia makofi. Mimi niliketi, lakini sikushindwa. Jibu langu ni hili, na nimelichelewesha mpaka leo kwa sababu linaanzia nyumbani kwetu.

Hebu tuanze na neno moja tunalolitamka sote. Neno hilo ni shopingi. Mtu mzima akisema shopingi anafikiria maduka makubwa ya Nairobi. Mwanafunzi wa bweni akisema shopingi anafikiria boksi lake la bati. Siku ya kufungua shule, matroni anakagua, na sisi tunakagua zaidi ya matroni. Nani ana chokoleti ya kunywa? Nani ana karanga za kusaga? Nani amekuja na sukari kilo moja na unga wa uji tu, kama anakwenda kwa kukhu yake mashambani? Tunajua bila kuambiwa ni boksi la nani litapata marafiki wiki ya kwanza. Sisemi uongo. Hata wewe unayesoma umewahi kufunga kufuli upesi ili mtu asione lako lilivyo jepesi.

Mama yangu huuza nyanya na vitunguu Kitale. Mara nyingi mzigo wake hununua hapa hapa katika soko la Chwele, kwa sababu huku wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon hushusha mazao kwa bei ya jumla. Kuna siku za soko ambapo mama yuko ng'ambo ya ua wa shule yetu akipanga mitandao ya vitunguu, na mimi niko darasani nikisoma ngeli, na haturuhusiwi kuonana kwa sababu si siku ya wageni. Kisha anarudi kwa matatu kupitia Kimilili na Kamukuywa, mzigo juu ya paa, yeye ndani.

Muhula wa pili wa mwaka 2025, nikiwa kidato cha pili, nilimwandikia mama orodha ya shopingi. Ilikuwa na vitu kumi na saba. Viatu vya ngozi vilikuwamo, ingawa vyangu vilikuwa bado vizima. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari neno "lazima" mara tatu. Mama aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Siku ya kuondoka, vitu vyote kumi na saba vilikuwamo. Nilifurahi. Sikuuliza vimetoka wapi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, methali niliyoikariri tangu darasa la sita nikapata maki zote. Lakini kukariri ni kitu kimoja.

Siku ya wageni mwezi wa saba, mama hakuja. Alikuja senge, dadake baba, na chapati tano kwenye kopo. Tulikula. Kisha akanivuta kando chini ya mkrosi, akanionyesha simu yake. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa watu asiowajua, wakimwambia kwamba mama yangu, kwa majina yake matatu, ni mdaiwa sugu asiyelipa, amwambie alipe. Senge akasema, "Huu ujumbe haukuja kwangu peke yangu, mwanangu. Umekwenda kwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kwa jirani, na kwa mtu anayemuuzia vitunguu. Mama yako haoni pa kuweka uso." Nilihisi zile chapati zimegeuka mawe.

Mama alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa simu, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Alitakiwa kurudisha 3,600 baada ya siku thelathini. Mvua ikaharibu nyanya, siku zikafika, hakuwa nazo. Akakopa kwingine alipe kwanza. Kisha akakopa kwa tatu alipe pili. Huko ni kufukia shimo kwa kuchimba jingine. Kufikia mwezi wa nane, zile elfu tatu za boksi langu zilikuwa 7,850.

Sasa nirudi kwa Mheshimiwa aliyesema Rebecca hatuhusu. Wakenya wanaposema mkopeshaji mkali, wanamwita shailoki. Hata mtu ambaye hajaingia darasa la fasihi anasema, "Usiende kwa shailoki." Wengi hawajui kwamba neno hilo limetoka kwa Shakespeare, katika tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Ikiwa rais wa nchi alipata muda wa kutuletea kisa cha deni cha Mzungu katika lugha yetu, chama chetu kinaogopa nini?

Na tukiisoma tamthilia hiyo vizuri, tutaona jambo ambalo watu hulisahau. Wote tunamkumbuka Shylock na ratili yake ya nyama. Lakini ni nani aliyezitaka zile pesa? Ni Bassanio. Kijana ametapanya mali yake kwa maisha ya fahari, sasa anataka kwenda kumposa Portia akiwa na sura ya tajiri. Hana kitu. Basi rafiki yake Antonio anakopa kwa ajili yake dukati 3,000, na kifua kinachowekwa rehani ni cha Antonio. Bassanio anapanda chombo, amependeza.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Elfu tatu kwa elfu tatu. Bassanio nilikuwa mimi, na viatu vyangu vya ngozi. Antonio alikuwa mama.

Tena hapo hoja ya pili inaanguka, ile ya kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake. Bassanio alivaa suruali. Vijana wetu wanaokopa ili waweke dau kwenye mpira wa Ulaya wanavaa suruali. Mzee anayeuza kipande cha shamba ili harusi ya mwanawe izungumzwe hadi Sirisia, naye ni nani? Mwanamke akinunua skafu anaitwa mraibu. Mwanamume akinunua pikipiki ya pili kwa mkopo ilhali ya kwanza haijaisha kulipwa, anaitwa mwanabiashara. Tupime kwa mizani moja jamani.

Ni kweli, alivyosema Mheshimiwa, kwamba wengi wetu tunakopa kwa shida. Hilo silipingi. Lakini mlango wa deni la shida na wa deni la tamaa ni mmoja, na siku hizi mlango huo uko mfukoni. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kama njia ya kutuma pesa. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa, na ada ya mkopo ilipoanza ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Fanyeni hesabu, nyinyi mnaopenda hisabati: ukikopa 1,000 na kuurudia mkopo huo kila mwezi, kwa mwaka umelipa ada ya 900. Januari 2019 ikaja Fuliza. Novemba 2022 serikali nayo ikaanzisha Hustler Fund, iliyoanza kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kati ya hizo zikaota kampuni nyingine ndogo ndogo kama uyoga baada ya mvua.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuyaangalie majina. Shwari ni bahari iliyotulia. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Lugha yetu tamu ndiyo iliyopewa kazi ya kutubembeleza. Hata Rebecca alianza hivyo: barua za kwanza za benki zilikuwa za kumpongeza na kumkaribisha, na ukali ulikuja baadaye. Kukopa harusi, kulipa matanga. Simsingizii mtu. Mikopo hii imewaokoa wengi usiku wa maradhi, na bila hiyo kuna mizigo ya vitunguu isingefika sokoni. Nasema tu kwamba ujumbe wa "umefuzu mkopo" hausemi umefuzu kulipa.

Kuhusu wale waliomtangaza mama, nijuavyo ni hivi: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuchukua namba zilizomo katika simu yake na kuwaandikia watu hao. Sheria ipo. Mama hakuijua, na huyo aliyemwandikia senge hakuijali.

Lakini kilichomwumiza mama zaidi ya ujumbe kilikuwa kingine, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti, simu ya mama ilikuwa imezimwa na kufungwa ndani ya leso chini ya godoro. Ukimpigia ni "mteja hapatikani". Biashara ilikuwa inakufa kwa sababu wateja wake nao hawakumpata. Akijibu mlango, alichungulia kwanza. Baba, anayefanya kazi mbali, hakujua chochote. Mimi nilikuwa najua, na yeye hakujua kwamba najua. Tukawa tunakula ugali kimya, kila mtu na siri moja ile ile.

Jioni moja, kwa kukosa la kusema, nilitoa kitabu changu kisicho na jalada nikaanza kumsimulia mama huku naye akichambua mboga. Nikafika pale Rebecca anapomwandikia meneja kwamba amevunjika mguu. Mama akaanza kucheka. Nilipofika kwenye homa ya tezi, akaweka sinia chini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, akasema, "Mimi nilimwambia yule wa kwanza kwamba nimelazwa. Wa pili nikamwambia kukhu yako amekufa." Kukhu yangu yuko hai, ana ng'ombe wawili na anatushinda sote kutembea! Tulicheka tena. Kisha mama akaenda chumbani akarudi na daftari dogo, akalifungua mbele yangu. Madeni matatu, kwa mwandiko wake. Hakuwa amemwonyesha mtu.

Wasomaji wapenzi, mahubiri hayakulifungua daftari hilo. Senge alikuwa amejaribu kwa machozi na alishindwa. Lilifunguliwa na "upuuzi wa wanawake".

Wiki hiyo mama alimpigia baba. Kisha akawaeleza akina mama wa chama chao cha kuchangiana. Wako kumi na mmoja, na alipomaliza, wanne walisema hata wao. Chama kikamkopesha bila riba, akawalipa wale watu wa simu siku moja, na chama akakirudishia 1,500 kila mwezi kwa miezi mitano, na wa sita akamalizia 350. Alimaliza mwaka huu. Muhula wa tatu boksi langu lilikuwa na vitu sita. Nilikosa marafiki wawili. Sikufa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kilichomzamisha Rebecca si skafu. Ni barua alizozificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni lililotajwa lina dawa, na dawa yake ni kulipa. Deni lililofichwa huzaa mengine gizani.

Nakilaumu kitabu kwa jambo moja. Mwishoni Rebecca anaitwa kwenye televisheni, anang'ara, na kazi hiyo inamtoa kwenye shida, na bwana mzuri juu yake. Hapo mwandishi alituonea huruma kupita kiasi. Mimi sijaona mtu Chwele aliyeitwa kwenye televisheni kwa sababu ana madeni. Huku watu hutoka polepole, kwa daftari na kwa chama, mia tano juu ya mia tano. Tucheke na Rebecca, lakini tusimsubiri yule wa televisheni.

Nina maombi matatu. Kwanza, maktaba yetu ikubali kitabu hiki na vinavyofanana nacho, nami natoa changu bure, hata kama hakina jalada. Pili, walimu na wazazi watutungie orodha moja ya shopingi kwa wote, fupi, kuanzia kidato cha nne hadi ndugu zetu wa Gredi ya Kumi, ili boksi lisiwe kadi ya kumtambulisha mtu. Tatu ni kwako wewe mwenzangu. Likizo hii, kabla ya kuandika orodha yako, kaa jikoni na mama, au na yeyote anayekulea, umwulize: "Zile za muhula uliopita zilitoka wapi?" Uulize kwa upole, na jibu likija, usikimbie.

Nimemwomba mama ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri kidogo, akasema niandike, ila nisisahau kueleza kwamba kukhu bado yuko hai.